Saa 75 za Idrisa

Frederick, Maryland
Jumapili usiku, Oktoba

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumaini hamjambo nyote hapo Wheaton, na baridi hii ya kwanza haijawatisha sana. Sisi huku tu wazima. Binti yangu Yusra anakusalimu, anasema shikamoo mama Idrisa.

Juzi tulipokuwa tunaongea, saa yangu ya kuingia zamu ilifika nikakuacha njiani. Usiku mzima nikiwageuza vitandani wazee ninaowauguza nilikuwa nakuwaza wewe, maana nilikusikia ukisema kwa uchungu kwamba shule imempa Idrisa adhabu na hamjui kakosa nini. Shoga, Idrisa hakukosa lolote. Nimeona niandike barua badala ya kupiga tena simu, ili shemeji asome kwa nafasi yake, na Idrisa mwenyewe asome pia.

Naelewa mlipojikwaa. Kwetu Tanzania ukisikia fulani kapewa huduma kwa jamii, unajua katoka mahakamani. Tangu ile sheria ya mwaka 2002, hakimu anaweza kumwambia mwenye kosa dogo akafagie hospitali badala ya kwenda jela. Mahakama za hapa nazo hufanya hivyo, na jina ni lile lile, ndiyo maana shemeji alishtuka aliposoma ile karatasi. Lakini karatasi ya shule ni mambo mengine kabisa. Katika jimbo hili mtoto wa shule ya serikali hapewi cheti cha kumaliza sekondari mpaka awe amejitolea kuwatumikia watu. Hata akifaulu hesabu na sayansi kwa alama za juu, saa zake zisipotimia cheti hakitoki. Bodi ya elimu ya jimbo ilipitisha jambo hili mwaka 1992, na waliohitimu mwaka 1997 ndio walioanza nalo. Maryland ndilo jimbo la kwanza kuwadai wanafunzi wake wote. Katika wilaya yenu ya Montgomery saa ni 75. Jirani zenu wa Washington wanadaiwa 100, na huko Ontario, Kanada, alikoolewa binti wa mjomba wangu, ni 40.

Usiogope hiyo 75. Watoto waliosoma hapa tangu wadogo huanza kukusanya saa wanapomaliza darasa la tano, na nyingine huzipata ndani ya masomo yao ya kawaida. Idrisa kaingia mwezi wa nane, tena moja kwa moja darasa la kumi, kwa hiyo hawatamdai zote. Anayehamia kutoka nje ya jimbo hupunguziwa kulingana na darasa alilofikia. Kila sekondari huko kwenu ina mwalimu anayesimamia saa hizi. Nendeni kwake wiki hii hii, mumuulize Idrisa anadaiwa ngapi, na awaonyeshe pale zilipoandikwa katika rekodi yake. Msikubali kuambiwa kwa mdomo tu.

Sasa lile neno la shemeji, kwamba kumfanyisha mtoto kazi bila ujira ni utumwa. Mwambie hayuko peke yake. Huko Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, shule zilipodai saa 60, wazazi Wamarekani walikwenda mahakamani na hoja hiyo hiyo, wakitaja marekebisho ya katiba yao yaliyokomesha utumwa. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ilikataa. Nilipoyasikia hayo kwa mara ya kwanza nilifurahi kujua kwamba hata wenyeji waliuliza.

Lakini Mwanaidi, mimi na wewe tumelelewa wapi? Kumbuka msaragambo. Kumbuka baba zetu wakibeba mawe ya kujengea zahanati, na mama zetu foleni ndefu yenye ndoo za maji kichwani, na sisi watoto tukipitisha tofali mkono kwa mkono. Nani aliandika saa zetu? Na shuleni Jumatatu tulikwenda na mifagio ya chelewa, Ijumaa na majembe. Hapa mtoto hafagii darasa, yuko mtu anayelipwa kufagia. Hafyeki uwanja. Anaweza kumaliza miaka kumi na miwili ya shule bila kushika kitu kwa ajili ya mtu asiyemjua. Nadhani ndiyo sababu wameweka sharti, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote.

Nikueleze yaliyotupata, ili yasiwapate. Mwaka wetu wa kwanza Yusra alisikia wenzake wakitaja saa, naye akaenda kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto karibu na nyumbani, akajitolea kusaidia jioni. Wiki sita alikwenda. Aliwavua watoto makoti, akafuta meza, akawasomea vitabu kwa Kiingereza chake kile kilichokuwa bado kinachechemea. Alipopeleka fomu shuleni akaambiwa saa zote 18 hazihesabiki. Kile kituo kilikuwa biashara ya mtu, na mwanafunzi haruhusiwi kumfanyia bure mtu anayetengeneza faida. Pale kituoni hakuna aliyemwambia, na mimi mzazi sikujua kuuliza. Alilia mtoto yule mpaka akaniliza na mimi.

Kwa hiyo kabla Idrisa hajainua hata karatasi moja kutoka chini, ulizeni kwanza kama mahali hapo pamekubaliwa na shule. Wilaya yenu ina ofisi inayoshughulikia watu wa kujitolea, na mtandaoni wana orodha ndefu. Zile nafasi zinazohesabiwa zimewekewa alama. Kama mahali hapamo kwenye orodha, kuna fomu ya kuomba ruhusa mapema. Kazi ikiisha, fomu ya saa husainiwa na aliyemsimamia huko, si wewe wala shemeji, na Idrisa ataandika mwenyewe alichojifunza. Hapo asiandike mistari miwili ya kupita tu. Jimbo linataka mtoto ajiandae, atende, kisha atafakari, na yote matatu ni sehemu ya sharti. Halafu piga picha kila fomu kabla haijaondoka nyumbani. Zina tarehe za mwisho za kupokelewa, na ya majira ya joto huwashinda wengi kwa sababu shule ikifunguliwa watu husahau.

Uliniuliza kuhusu madrasa. Idrisa akiwasomesha wadogo Kurani Jumamosi, thawabu yake iko kwa Mungu, lakini shule haitazihesabu saa hizo, kwa kuwa kazi ya kufundisha dini hawaiingizi. Asiache kwa sababu hiyo.

Sasa mahali pa kwenda. Nianze na pale ninapopapenda kuliko pote. Unakumbuka nilikwambia kwamba tulipofika hatukuwa na kitu, tulilala juu ya makoti siku tisa? Vitanda, meza na kabati la vyombo tulipewa bure na shirika liitwalo A Wider Circle, huko Silver Spring, si mbali na hapo mlipo. Watu huleta samani zao nzuri wasizozihitaji, zinapangwa katika ghala kama duka, na familia isiyo na kitu inakuja kuchagua. Inachagua yenyewe, Mwanaidi! Hakuna anayekutupia godoro. Yule dada aliyetuzungusha siku ile aliniuliza napenda kitambaa cha rangi gani, nikakosa sauti ya kumjibu.

Basi baada ya zile saa 18 kupotea, Yusra alisema anataka kurudi pale, safari hii kama mtumishi. Sikumlazimisha. Jumamosi ya kwanza alipanga sahani, ya pili akafuta vumbi. Ya tatu wakaja mama mmoja na watoto wanne, wamekaa kwenye kochi la maonyesho, hawasogei. Mama kila akiulizwa anatikisa kichwa, wahudumu wakadhani hapendi chochote. Yusra akasikia mtoto akimnong'oneza mama yake kwa Kiswahili. Alikuwa mama wa Kikongo, kutoka Bukavu. Binti yangu akapiga goti kidogo kama tulivyomfunza, akasema shikamoo mama. Yule mama akamtazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamjibu, “Jambo sana, mtoto wangu.” Kumbe alikuwa anadhani atadaiwa fedha mwisho, naye hana. Yusra akamweleza kila kitu, akamzungusha, wakachagua vitanda. Kiswahili chake na cha yule mama havikufanana kila mahali, lakini walifika.

Jioni ile mtoto wangu, ambaye mwaka mzima alikuwa akificha midomo akiongea nami kwenye basi asionekane mgeni, alirudi nyumbani akiimba. Saa zake zilitimia kabla ya Aprili. Akaendelea kwenda mpaka tulipohama.

Ndiyo maana nasema Idrisa asitafute saa kama anayeokota vyuma chakavu, tatu huku, mbili kule, ili mradi jumla ifike. Achague mahali pamoja, karibu, aende siku ile ile kila wiki, mpaka siku asipofika waulize yuko wapi. Ulinieleza kwamba hana rafiki, anakula peke yake, anajifungia chumbani na simu. Mgeni hapa kila siku anapokea: anapokea msaada wa lugha, anapokea koti la mtu, anaelekezwa korido. Inachosha kupokea tu, hasa kwa mvulana wa miaka kumi na tano aliyekuwa kiranja kwao. Mpeni mahali ambapo yeye ndiye anayetoa.

Kama samani si zake, kuna Manna Food Center, iliyoanza mwaka 1983 kugawa chakula katika wilaya yenu. Wana mpango mmoja ulionigusa sana. Wako watoto wa shule za msingi ambao chakula cha uhakika wanakipata shuleni tu, kwa hiyo Ijumaa hupewa mfuko wa chakula cha kuwafikisha Jumatatu. Mifuko hiyo hupakiwa na watu wa kujitolea, vijana wakiwamo. Mimi kabla sijaja huku sikujua kama Marekani kuna mtoto anayeogopa Jumamosi kwa sababu ya njaa. Idrisa naye ni vizuri ajue.

Maktaba nazo huchukua vijana, zaidi wakati wa likizo ya majira ya joto watoto wadogo wanapohimizwa kusoma. Kwa Idrisa ni pazuri, atasikia Kiingereza kingi bila ya mtu kumsahihisha mbele ya darasa.

Na kwa kuwa ni mtoto wa Pangani aliyekulia majini, mwonyeshe kile kijito cha Sligo kinachopita karibu nanyi. Mnaweza kukiona ni kidogo tu, lakini maji yake yanaingia mto Anacostia, kisha Potomac, kisha ghuba ya Chesapeake na bahari. Chupa inayotupwa Wheaton ina njia ya kufika baharini. Wapo wakazi waliojiunga, wanajiita marafiki wa Sligo, ambao majira ya kuchipua na ya vuli huita watu kuokota taka kandokando yake. Idara ya bustani za wilaya pia hufundisha watu kuondoa mimea vamizi, kama ile ya kutambaa inayopanda miti na kuinyonga taratibu. Idrisa anajua panga. Hatapewa panga, lakini mkono unaojua kazi ya shamba hauhitaji kufundishwa mara mbili.

Nauli isiwape shida, mabasi ya Ride On hayamtozi mtoto wa shule. Ila ulizeni umri kila mahali, kwa sababu pengine mtoto wa miaka yake hutakiwa aje na mtu mzima. Ikiwa hivyo, nenda naye wewe. Najua Jumamosi ndiyo siku yako pekee ya kupumzika na miguu inakuuma, na sikuandikii kama mtu asiyejua uchovu. Lakini mimi pia nilikwenda na Yusra mara nne, nikapanga vikombe. Nilikaa na wamama wa hapa tukakunja mashuka pamoja, na mmoja wao ndiye aliyenipa habari za kozi ya uuguzi msaidizi ninayofanyia kazi leo. Nilikuwa sijawahi kuongea na Mmarekani zaidi ya dakika tano mpaka siku ile.

Nimeongea na Yusra. Jumamosi ijayo hana kipindi wala mimi sina zamu. Tutakuja kwenu asubuhi, saa tatu tuwe mlangoni, tumchukue Idrisa twende kijitoni. Yusra atampigia simu msimamizi kesho kuhakikisha kama kuna kazi siku hiyo, na kumpelekea jina. Mwambie avae viatu visivyoogopa matope na soksi mbili. Glavu tunazo. Kalamu na fomu asisahau.

Wewe usipike kitu, nitakuja na maandazi. Chai tu utengeneze, ile yenye tangawizi nyingi.

Nisalimie shemeji sana.

Wako,
Zuhura