Seli yenye jina la pombe ifundishwe Dodoma

Ndugu Mhariri,

Mama yangu alipika pombe ya mtama hapa Hombolo mpaka miguu ilipomkatalia. Mwezi wa saba, baridi ya upepo ikikaza, alivua blanketi lake akauviringishia mtungi na kuusogeza karibu na mafiga, yeye akalala na khanga. Asubuhi nikifunua na kukuta togwa bado tamu, haina hata povu, nilimwuliza mbona haijachachuka. Alinijibu, "Iache mwanangu, bado inakula." Mwezi wa kumi, kwa joto letu la hapa, mtungi huohuo ulifura kabla jua halijazama.

Nimefundisha Baiolojia sekondari miaka 31, na nilikuwa nakaribia kustaafu nilipotambua kwamba jibu la mama lilikuwa sahihi neno kwa neno.

Kilichonisukuma kuandika ni daftari la mjukuu wangu aliye kidato cha nne. Mgawanyiko wa seli kauchora vizuri: ncha ya mzizi wa kitunguu, hatua zote nne, majina kayakariri. Nikamwuliza, ni kitu gani kinachoiambia seli igawanyike leo, isingoje kesho? Hakujua, na daftari halikusema. Siwezi kumlaumu mwalimu wake, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundisha vivyo hivyo, kitunguu na majina.

Jibu lilipatikana kwenye chachu, kiumbe cha seli moja kinachochachusha pombe na kuumua unga, na chachu yenyewe ina asili ya huku kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliieleza chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, ikaitwa Schizosaccharomyces pombe. Neno la pili ni Kiswahili chetu, lilelile la kilabuni. Mjukuu wangu alilisoma mara mbili. "Bibi, kumbe hili ni letu?" Ndiyo, ni letu, na maabara za dunia nzima zinalitamka kila siku.

Hamira ya maandazi, ambayo nayo ni chachu, huzaa kwa kuchipuza: kiseli kidogo hutokeza ubavuni mwa mama yake. Hii ya pombe imekaa kama kijiti. Hurefuka bila kunenepa, kisha hujikata katikati, nusu kwa nusu. Ukipima urefu wake tu unakisia imefika wapi katika safari yake ya kugawanyika, na ndiyo maana watafiti waliipenda. Katika miaka ya 1970, mtafiti Paul Nurse, akiwa Edinburgh huko Scotland, aliona baadhi yake zinagawanyika zikiwa bado fupi mno. Kumbe breki yao, ile inayozuia seli isigawanyike kabla ya wakati, ilikuwa imeharibika. Jeni ya breki hiyo ikaitwa wee1, kwa neno ambalo kwa Waskoti maana yake ni "kidogo". Seli yenye breki nzima na chakula kizuri hungoja hadi ifikie mikromita kama 14. Ukipanga foleni seli 70 za urefu huo utapata karibu milimita moja. Hapo ndipo breki huachia na protini iitwayo Cdc2, ambayo ndiyo injini ya kazi yote, huwaka.

Sasa hapa ndipo ningependa kila mwanafunzi aketi kidogo. Naitrojeni, ambayo ni sehemu ya chakula chao, ikiwa duni, breki huachia mapema na seli hugawanyika zikiwa fupi. Ukizirudishia chakula kizuri, husita. Zinakula kwanza, zinarefuka, ndipo zinaendelea kugawanyika. Naitrojeni ikiisha kabisa, hugawanyika mara ya mwisho au mbili bila kukua, zikabaki vijidude vya mviringo, kisha husimama kabla ya kunakili DNA yao. Hapo seli ikikutana na ya jinsi nyingine huungana nayo na kuacha spora nne, yaani vijimbegu vinavyostahimili shida. Isipokutana nayo, hulala kungoja neema. Na ukizitia chumvi nyingi au joto la ghafla, hukatiza mgawanyiko kwanza mpaka zijirekebishe.

Mama hakuwahi kuosha mtungi wake kwa sabuni. Machicha yaliyokauka chini yalikaa hata wiki tatu, akaja kuyamwagia togwa mpya ya uvuguvugu aliyoijaribu kwa kiwiko, na kesho yake povu. Alikuwa akiamsha seli zilizolala. Sisemi mtungi wake ulikuwa na chachu ya Lindner peke yake, kwa kuwa mtungi wa kienyeji hukaliwa na chachu na bakteria wa namna nyingi. Lakini kutazama hali ya mahali kabla ya kuzaana ni tabia ya chachu zote.

Hata sisi tumo. Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walichukua chachu ya pombe ambayo Cdc2 yake ilikuwa imeharibika, wakaipa jeni ya binadamu, nayo ikagawanyika. Injini ni ileile. Mwaka 2001 Nurse alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell, aliyefanya kazi yake kwenye hamira, na Tim Hunt. Mwanafunzi akielewa breki ya chachu, nusu ya somo la saratani amekwisha kulielewa, maana saratani ni seli zilizoacha kutii breki.

Najua pingamizi litakalokuja. Mkuu wa shule mmoja aliwahi kuniita ofisini kwa sababu nilileta kibuyu darasani, na nilimwelewa. Nimefundisha pia watoto wa Kondoa ambao kwao pombe haivuki kizingiti. Hakuna haja ya pombe. Kijiko cha hamira ya dukani, sukari, na chupa nne za maji zilizovishwa puto zinatosha: moja ya uvuguvugu, moja ya baridi, moja yenye chumvi nyingi, moja isiyo na sukari. Puto zitaonyesha ipi inakula. Kisha tone kutoka kila chupa liwekwe chini ya hadubini, watoto wahesabu seli zenye machipukizi. Hesabu hiyo ndiyo jibu la swali langu kwa mjukuu. Naomba walimu wa Baiolojia wa mkoa huu waanze mwaka huu, na wanaoandika vitabu vya kiada waweke ukurasa mmoja wa chachu ya pombe kando ya kitunguu.

Hadubini yangu ya zamani bado inakuza mara 400. Mwalimu yeyote wa Hombolo, Ipala au Nzuguni anayetaka kuja na wanafunzi wake Jumamosi, karibu. Chupa na puto ninazo, na nitakuwa nyumbani kuanzia saa mbili asubuhi.

Mwalimu mstaafu,
Hombolo, Dodoma