Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayechora magari

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na salamu za mama yako. Umeuliza kama mchora magari lazima aajiriwe na kiwanda cha magari. Fundi mkuu wenu amekwambia ndivyo, na kwamba kijana wa kunyoosha bodi asahau habari hizo. Jibu langu ni hapana, na nimeliandika hadharani kwa sababu najua hujaambiwa hivyo peke yako.

Miaka mia moja iliyopita, Mwitaliano mwenye fedha zake alikuwa ananunua chasisi (fremu ya gari bila bodi) na injini kwenye kiwanda cha Lancia au Alfa Romeo, halafu anaipeleka kwa fundi wa bodi wa nje ya kiwanda. Turin na Milan zilijaa mafundi hao. Giovanni Bertone alifungua karakana mwaka 1912, Ugo Zagato mwaka 1919. Battista Farina, aliyejulikana kwa jina la utani la Pinin, aliingia akiwa mtoto kwenye karakana ya kaka yake, akafungua ya kwake mwaka 1930. Hakuna kati yao aliyeanza na kiwanda. Walianza na nyundo.

Kazi yenyewe ungeitambua mara moja. Waliunda umbo la gari kwa mbao, ukubwa uleule wa gari. Fundi akachukua bati la alumini, akaligonga juu ya gogo au mfuko wa mchanga, akalipeleka kwenye umbo kulipima, akalirudisha kuligonga tena. Vipande vikikubali vikachomelewa, kisha tupa ikapita kwenye kiungo mpaka kiganja kisihisi kitu.

Tafuta picha za gari la Pinin liitwalo Cisitalia 202, la mwaka 1947, na uzitazame kama fundi. Magari mengi ya zamani yalikuwa na boneti yake, madigadi yake na taa zake, kila kitu kimebandikwa kivyake. Pinin aliviunganisha vyote kuwa ngozi moja, boneti akaishusha chini ya mabega ya madigadi. Mwaka 1951 gari hilo liliwekwa kwenye maonyesho ya Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na baadaye jumba likalichukua liwe lake.

Usidhani alipokelewa kwa zulia. Mwaka 1946 Waitaliano walizuiwa kushiriki maonyesho ya magari ya Paris, vita vikiwa vimeisha juzi tu. Pinin na mwanawe Sergio wakaendesha magari mawili kutoka Turin hadi Paris, wakayaegesha nje ya lango la Grand Palais, jumba la maonyesho hayo. Watu wakayazunguka palepale barabarani. Hadithi hii naipenda kuliko zote za Waitaliano hawa.

Halafu kazi ikabadilika. Viwanda vilipoanza kutengeneza bodi na chasisi kama kitu kimoja, hapakuwa tena na chasisi tupu ya kumletea fundi. Karakana nyingi zilikufa. Karakana ya Touring ya Milan ilifunga mwaka 1966. Zilizopona ziliuza akili: michoro, magari ya mfano, na bodi za matoleo machache. Bertone ndiyo iliyokuwa na jicho la kutambua vijana wenye kipaji. Giorgetto Giugiaro aliajiriwa pale akiwa na miaka 21, na alipoondoka akaja Marcello Gandini, ambaye alikuwa na miaka 27 tu Lamborghini Miura aliyoichora ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya Geneva mwaka 1966.

Kwetu matunda yao yalifika bila jina lao. Peugeot 404, Pijo ile ya wazee, mistari yake ni ya Pininfarina, yaani karakana ya Pinin. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, magari 7 tu yakimaliza kati ya 84, kisha ikashinda mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mbili kati ya hizo alizichukua Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Ila tuseme ukweli: iweke 404 karibu na Austin Cambridge ya miaka hiyo na utaona Pininfarina aliwashonea wateja wawili suti moja. Hilo lilikuwa kosa, na wewe usilifanye.

Anayenigusa zaidi ni Giugiaro. Mwaka 1968, yeye na mhandisi Aldo Mantovani walianzisha Italdesign, na hawakuuza sura peke yake. Walimpa mteja gari zima kwenye karatasi: vipimo, namna ya kukata bati, mpango wa uzalishaji. Ndiyo maana Hyundai, ambayo haikuwahi kuwa na gari la kwake, iliwafuata. Wahandisi wa Korea walikaa Turin wakitazama na kuandika kila kitu, na gari lao, Pony, likaonyeshwa hapohapo mwaka 1974. Mwaka huohuo Volkswagen ilizindua Golf, pia ya Giugiaro, na mwaka 1980 ikaja Fiat Panda.

Leo mambo si yale. Viwanda vimejenga studio zao ndani. Bertone ilifilisika mwaka 2014, Pininfarina ikanunuliwa na Mahindra ya India mwaka uliofuata, na Italdesign ilichukuliwa na kundi la Volkswagen mwaka 2010. Sikufichi, njia imekuwa nyembamba. Lakini Giugiaro hakustaafu: yeye na mwanawe Fabrizio walifungua studio nyingine, GFG Style.

Kwa hiyo nitumie michoro yako. Siyo ile ya pembeni yenye matairi makubwa inayopendeza kwenye simu. Nataka ubavu, mbele, nyuma na juu, kwa vipimo, na dereva mwenye urefu wa kawaida amechorwa ndani ameketi, nione kama kichwa chake kinagusa paa na kama mlango unafunguka. Bati la kujaribia bega la digadi nitalinunua mimi.

Mjomba wako