Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya maji: Ruaha Mkuu hukatikia kwenye mabanio

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima naomba nikuandikie hadharani kuhusu Mto Ruaha Mkuu, na nianze na mwamba mmoja. Pale Ng'iriama ndipo maji ya ardhioevu ya Ihefu hutokea kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ihefu ni mfano wa bakuli, na mwamba huo ndio mdomo wake: maji yakiupita juu mto hutiririka, yakishuka chini yake mto hukatika, hata kama nyuma ya mwamba yamebaki maji mengi yanayokauka kwa jua. Tangu 1993 hali hiyo imejirudia kiangazi baada ya kiangazi, na viboko hubanana kwenye madimbwi yanayogeuka tope.

Lawama walibebeshwa wafugaji. Mwaka 2006 waliondolewa Usangu, tambarare ilimo Ihefu, pamoja na mifugo yao, mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa hifadhini, na mto ukaendelea kukatika. Sisemi ng'ombe hawabomoi kingo za mito. Nasema maji mengi yalikuwa yakipotelea kwingine.

Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, inayoijaza Ihefu, hushuka kutoka milima yenye mvua nyingi hadi tambarare kavu ya Usangu, ambako hupokelewa na mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji kwenye mifereji ya mpunga. Masika hapana ugomvi, kwani maji huwatosha wote. Ugomvi huja kiangazi, wakati wengi wamekwisha kuvuna. Ukisimama kwenye banio wakati huo utaona viroba vya mchanga vimepangwa toka ukingo hadi ukingo, mfereji umejaa, na chini ya banio pamebaki mchanga ambao mtu huuvuka bila kuvua viatu. Ufuate mfereji huo hadi mwisho, nawe utakuta maji yametuama kwenye majaruba yenye mabua matupu, wala hakuna mtaro wa kuyarudisha mtoni.

Hata hivyo, mfereji huo huo ndio kisima cha vijiji vingi. Kuufunga kabla ya kuwachimbia watu visima ni kuwaadhibu akina mama wenye ndoo, ambao hawakumwagilia chochote.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imetanguliza mahitaji ya binadamu, ikafuatisha mazingira, ndipo shughuli nyingine. Kwenye banio la kiangazi mpangilio huo umepinduliwa. Na hasara haiishii kwa wanyama, kwa kuwa maji hayo hayo ndiyo yanayotarajiwa Mtera na Kidatu, mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 80 na 204.

Ninachoomba, Mheshimiwa, hakihitaji bwawa jipya. Kila banio kubwa liwe na lango linalofungika, ubao wa kupimia maji na mtaro wa kuyarejesha mtoni, visima vitangulie, na vipimo vya kila juma, pamoja na kina cha maji pale Ng'iriama, vibandikwe kwenye ofisi za kata, ili jumuiya za watumia maji za juu na za chini zibishane zikiwa na tarakimu mkononi. Kazi hiyo ianze mara baada ya mavuno, kabla mto haujakatika tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Bonde la Rufiji