Kabla hatujabishania rangi ya nywele zako

Ijumaa moja ya Desemba, mteja aliingia saluni yetu hapa Section 58, Nakuru, saa nane mchana, picha ikiwa tayari kwenye simu. Kesho yake ilikuwa ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya dada yake na alitaka nywele za rangi ya asali. Nikamkalisha, nikazipapasa nywele zake: nene, za kwake mwenyewe, hazina dawa ya kulainisha. Nikamuuliza, "Umewahi kutia rangi?" Akasema hapana. Nikakoroga blichi.

Nilipokuja kuziosha, sentimita kama nane kutoka kichwani zilikuwa asali kweli, vile vile alivyotaka. Kuanzia hapo hadi kwenye ncha zilikuwa na wekundu mzito wa tofali, na huku nyuma shungi zima bado jeusi. Alipojitazama kwenye kioo alinyamaza kwanza. Kisha akasema nimemharibia nywele na hatalipa hata shilingi. Nami, mbele ya wateja wengine wanne, nikamwambia amenidanganya.

Jibu lake sijalisahau mpaka leo. "Sikukudanganya. Uliniuliza kama nimetia rangi. Mimi nilitia nyeusi."

Na alikuwa sahihi. Kwa mtu aliyezaliwa na nywele nyeusi, kutia nyeusi huko nyumbani hakuhesabiki kama kutia rangi. Ni kurudisha tu kilichofifia. Alikuwa ameitia mwezi wa nne, yeye na jirani yake, kwa kisanduku walichonunua dukani. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Aprili hadi Desemba ni miezi minane, na zile sentimita nane za asali ndizo zilizoota baada ya kile kisanduku. Habari yote ilikuwa pale kichwani, na mimi niliyesomea kazi hii sikuisoma.

Jioni ile sikumtia blichi mara ya pili, ingawa aliniomba sana. Nilimsuka matuta mapana yasiyovuta, nikatoka mwenyewe kwenda kumnunulia wigi ya rangi ya asali, akaenda ruracio. Pesa ya kazi sikuchukua. Tangu siku hiyo hatufanyi tena kama zamani, na ndiyo sababu ukija kwetu utaulizwa maswali mengi kuliko ulivyotarajia. Baadhi ya wateja hukasirika. Naomba nieleze.

Kwanza, rangi haitoi rangi. Ukitia rangi ya kahawia juu ya nywele ulizokwisha kuzitia nyeusi, utatoka na nyeusi ile ile, labda juani ionekane na wekundu kidogo. Cha kutoa ni blichi, na blichi hufanya kazi kwa hatua. Nywele zetu nyingi huku ni ngazi ya 1 au ya 2 katika kipimo tunachotumia, ambacho huanzia 1, nyeusi tititi, hadi 10, manjano hafifu kabisa. Peroksaidi, ile kemikali inayokorogwa na blichi, inapoila melanini, yaani rangi ya asili iliyo ndani ya unywele, nyeusi hupita kwenye wekundu wa kahawia, halafu nyekundu, halafu chungwa, halafu manjano, na mwisho manjano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi mbivu. Hakuna njia ya kuruka chungwa. Kila mwenye nywele nyeusi hupita hapo, na wengi wanaokimbia saluni wakilia huwa wamesimamishwa hapo hapo katikati ya safari. Rangi ya dukani iliyokwisha kuingia ndani ya unywele haifuati ngazi hizo. Hushika pale inapotaka na kuachia pale inapotaka, kama ulivyoona kwa mteja wangu.

Kwa hiyo siulizi tena "umewahi kutia rangi". Nauliza: ni kitu gani kimewahi kupita kwenye nywele hizi tangu zilipoota? Nyeusi ya kisanduku, hina, dawa ya kulainisha, ile rangi ambayo kinyozi humalizia nayo shevu, yote nitajie, hata kama ilikuwa kidogo na hata kama ilikuwa zamani. Nywele zikiwa na urefu wa sentimita 24, ncha yake ilitoka kichwani kama miaka miwili iliyopita, na yote ya miaka hiyo miwili imo humo ndani. Hina nayo ina mambo yake. Hina safi ya majani haina ubaya mkubwa, lakini baadhi ya hina za pakiti huchanganywa na chumvi za madini, na madini hayo yakikutana na peroksaidi, nywele huweza kupata moto na kukatika zikiwa bado mkononi mwangu.

Pili, ile picha. Karibu kila ubishi wa rangi ninaoukumbuka ulianza na picha. Ninaipenda picha, ilete, lakini tuitazame pamoja. Mara nyingi ni wigi. Nywele za wigi, zikiwa za binadamu, huchovywa kiwandani mpaka rangi yote iishe ndipo zitiwe ile inayotakiwa, na hakuna ngozi ya mtu chini yake ya kuungua. Anayekuja akiniambia "nataka namba 27" au "nataka namba 33" anataja namba za nywele za kusukia. Hizo namba ni nzuri sana kwa kuelewana na ninazitumia mwenyewe, ila kuifikia 27 kwenye nywele zako mwenyewe ni kazi ya kutoa, na huenda ikahitaji safari mbili au tatu zenye wiki kadhaa katikati. Ukizitaka Jumamosi hii, nitakuambia usuke.

Halafu kuna majina. Neno "kahawia" limenigharimu zaidi ya mara moja. Kwa mmoja ni kahawia ya strungi, kwa mwingine ni ya chai iliyojaa maziwa, na kwa mama mmoja kutoka Bondeni ilikuwa ile ninayoiita mimi damu ya mzee. Sasa tuna kitabu cha vishungi halisi vilivyotiwa rangi. Shika kimoja, kiweke kando ya shavu lako, kisha twende nacho mlangoni kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani ya saluni huzifanya rangi zote zionekane zimetulia. Ukishafika Kenyatta Avenue saa saba mchana, jua la huku juu linaitoa shaba yote iliyojificha, na mtu aliyeondoka akitabasamu anapiga simu akiwa amekasirika. Afadhali ukasirike mlangoni kabla sijakoroga.

Vijana wameanza kutuomba waridi, "kama ya heroe wa ziwani". Ni rangi inayopendeza na ninafurahi wanaipenda ya hapa kwetu. Lakini heroe mwenyewe huzaliwa wa kijivu. Waridi yake hutoka kwenye chakula anachokila ziwani, na humchukua miaka kuipata. Kwa nywele, waridi safi hukaa tu juu ya manjano hafifu kabisa. Ukiiweka juu ya chungwa utapata rangi ya kutu. Kwa hiyo anayetaka waridi kichwa kizima nitamshawishi aanze na ncha, ambazo anaweza kuzikata zikimchosha. Wenye dredi hufanya hivyo miaka yote, na huwapendeza sana.

Sasa nifike kwenye lile linaloleta maneno zaidi, yaani pale ninapokataa kabisa.

Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha sizitii blichi. Dawa hiyo ni kemikali kali sana ya upande wa magadi, na hufanya kazi kwa kuvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele msokoto na nguvu. Blichi huvunja viungo hivyo hivyo. Unywele uliopitia yote mawili, ukiulowesha na kuuvuta, hunyooka kama bablishi na haurudi. Wapo wanaokubali kuifanya, na wapo wateja waliofanyiwa na hazikukatika. Mimi nimewaosha wengine ambao nywele zilibaki kwenye sinki, na sitaki kuwa mkono uliofanya hivyo. Kwa nywele zenye dawa naweza kukutilia rangi isiyo na amonia, ile inayokaa juu ya unywele na kuondoka taratibu kwa kuoshwa. Itakupa mng'ao wa damu ya mzee au wa kahawia nzito. Asali haitakupa. Na dawa na rangi havifanyiki siku moja. Tunaacha wiki mbili katikati, zaidi ikiwezekana.

Vile vile, ukitaka peroksaidi ya juu karibu na ngozi ili "iwahi", sitakubali. Peroksaidi huja kwa namba 10, 20, 30 na 40, yaani asilimia 3, 6, 9 na 12. Watu husikia 40 wakadhani ndiyo bora. Karibu na ngozi joto la kichwa lenyewe huharakisha kazi, kiasi kwamba mizizi hung'aa kabla ya ncha hata kwa namba 20, ndiyo maana huwa naanza na katikati na ncha, mizizi mwisho. Namba 40 pale huunguza, na kidonda cha kichwani huchukua muda mrefu kupona kuliko hasira ya kukataliwa.

Na kuna suala la ngozi yako, ambalo halina ubishi wowote upande wangu. Rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi, zina kemikali ambayo kwenye kisanduku huandikwa PPD. Wengi haiwadhuru. Kwa wachache huleta mwasho, malengelenge, uso kuvimba mpaka macho yafumbe. Ngozi inaweza kuivumilia mara tano na ya sita ikaikataa. Akina dada wanaopakwa piko kwenye harusi wanisikilize hapa, kwa maana piko mara nyingi hukorogwa kwa unga wa rangi ya nywele, na kama iliwahi kukuwasha mkononi au kukuachia alama za uvimbe, mwili wako umekwisha kuijua PPD na unaweza kuipokea vibaya zaidi kichwani. Niambie. Kwa kila mteja mpya tunapaka tone nyuma ya sikio na kusubiri saa 48. Wanaume wanaofunika mvi za ndevu nao wanahusika, tena wao zaidi, kwa sababu ngozi ya uso haina subira.

Saa hizo 48 ndizo zinazowafanya baadhi yenu muende saluni nyingine. Najua, na nimepoteza pesa ya Krismasi kwa sababu hiyo. Sitazipunguza.

Tukishakubaliana, nakata kishungi chembamba nyuma karibu na shingo, pasipoonekana, nakitia mchanganyiko ule ule na kukitazama kila baada ya dakika chache. Hapo ndipo mimi na wewe tunapoona kwa macho yetu nywele zako zitafika wapi, na mara nyingi ubishi hufia hapo. Yule dada wa ruracio angekiona kishungi chake chenye rangi mbili, tungecheka, tukapanga jambo jingine, na mchana wake usingeharibika.

Je, tukimaliza na bado haikupendezi? Sema ukiwa bado kitini. Msiondoke kimya halafu mkatusema kwa marafiki. Chungwa lililozidi hutulizwa kwa tona (rangi nyepesi ya kumalizia) yenye bluu, manjano kwa zambarau, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Ikiwa imekosewa na sisi, yaani tulikubaliana kishungi fulani na nimekupa kingine, tunarekebisha bila malipo ndani ya wiki mbili, nywele zikiwa na nguvu ya kustahimili. Ikiwa haziwezi, narudisha pesa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, na ya kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro ya huduma. Sihitaji kusubiri mtu anisomee. Lakini ikiwa ulinificha kisanduku cha mwezi wa nne baada ya kukuuliza kwa jina, tutaketi tugawane gharama.

Kitu kimoja sitafanya hata ukinilipa mara mbili: kutia blichi tena siku ile ile juu ya nywele zilizochoka. Utaondoka na rangi usiyoipenda, na nywele zako zikiwepo.

Majaribio ya tone na ya kishungi hatulipishi. Njoo Jumatatu au Jumanne asubuhi, saluni ikiwa tulivu, uwe umefumua nywele, na usizioshe siku hiyo wala kukuna kichwa, kwa kuwa mafuta ya ngozi hukinga. Ukiwa bado unacho kile kisanduku cha zamani, kilete nacho.