Mwanangu kaishusha picha yangu

Asalaam aleikum Bi Mshauri,

Alfajiri inaadhiniwa na sijapata hata lepe la usingizi. Picha niliyoichora iko nyuma ya kabati, imegeuziwa ukuta. Aliyeiweka pale ni binti yangu, siku wakwe walipokuja. Mmoja alipouliza ule msumari mtupu wa nini, mwanangu akacheka: "Mama siku hizi anachezea rangi tu."

Anachezea!

Nimefanya kazi maabara miaka 34, hapa hapa Pemba. Kabla ya dawa mseto kuja mwaka 2003, na vyandarua baada yake, msimu wa mvua ulikuwa huinui shingo kwa wingi wa slaidi za malaria, vile vioo vya damu ya kupimwa. Baadaye siku nyingi nikimaliza slaidi zote sijaona kimelea hata kimoja. Mshahara huo ndio uliomsomesha yeye. Na rangi nimezijulia kule kule, ingawa hakuna anayenisadiki. Kimelea kikishakolea Giemsa, ile rangi tunayotilia slaidi, ni kijipete cha buluu chenye nukta nyekundu, chembamba kama uzi. Nikisubiri slaidi, nilikuwa nakichora pembeni mwa daftari.

Skuli nilipenda kuchora, mzee wangu akataka nisome sayansi. Sijutii. Sasa nimestaafu, simwombi mtu pesa ya rangi, wala sichori sura za watu kama shemeji anavyodai. Picha yenyewe ni karafuu zilizoanikwa mkekani, nyengine bado zina wekundu, nyengine jua limeshazitia ukahawia. Ule wekundu peke yake umenichukua miezi miwili. Ndio kuchezea huko?

Mume wangu anasema ataitundika tena. Mie sitaki. Lakini kila nikipita ukumbini nautazama ule msumari.

Harusi ni mwezi ujao, sitaki kumharibia mwanangu furaha yake. Nilishaamua kuacha, nikazifunga brashi ndani ya kanga. Usiku huu nimezifungua.

Maana kuna picha sijaianza, ya mikono ya marehemu mama ikichambua karafuu. Mikono tu. Nina miaka 61, na macho yameanza kuchoka. Nisubiri harusi ipite? Au nimwambie kwanza kwamba lile neno limenikaa kifuani? Au ndiyo nimeshachelewa, na mwanangu kasema kweli?

Nijibu upesi, tafadhali.

Mama wa Wete