Barua kwa shoga yangu wa Kisauni

Malindi,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai u mzima wewe na wanao na wajukuu, na lile goti limepata nafuu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi halitupi usingizi.

Nimeacha simu nikashika kalamu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na nataka ulisome kwa kituo. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, yuko kidato cha tatu. Muhula huu skuli yao imewatangazia wazazi kwamba vidato vya juu hawatakuwa tena na maigizo, wala mjadala, wala mpira wa pete. Jioni zote zitakuwa za tuisheni. Wazazi wengi wamefurahi. Mtoto alirudi nyumbani akavua viatu, akaingia chumbani, asile. Nilipomwendea akaniambia, "Bibi, mimi huenda skuli kwa sababu ya Alhamisi." Alhamisi ndiyo siku yao ya maigizo.

Jibu lile limenikaa moyoni, maana mimi na wewe tunalijua. Tulipoingia kidato cha kwanza mwaka 1979 tulikuwa wasichana wachache katika darasa lililojaa wavulana. Wenzetu wengi wa darasa la saba tuliwaacha majumbani, wengine wameshaposwa. Hakuna aliyetutazamia kufika kidato cha nne. Naamini kabisa, shoga, kilichotufikisha ni yale yaliyokuwa baada ya kengele ya mwisho.

Chukua mjadala wa Ijumaa. Siku nyingine zote ukisikika ukisema Kiswahili ndani ya ua wa skuli unavishwa kile kibao cha adhabu shingoni, ukae nacho mpaka umpate mwengine wa kumpa. Ijumaa jioni mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akikifungia kibao katika mtoto wa meza, nasi tukapumua. Wakati huo Kiswahili hakikuwa somo la lazima katika mtihani wa kidato cha nne. Kulazimishwa kulikuja baadaye na mfumo wa elimu wa 8-4-4. Kwa hivyo aliyekisoma alikisoma kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe yaliota pale mjadalani.

Wakumbuka ile hoja ya kwamba utalii umeiletea Malindi faida kuliko hasara? Wewe ulikuwa upande wa kupinga. Ukasimama ukauliza: mvuvi anayezuiwa kupita na wavu wake kwenda kwenye ufuo aliozaliwa nao, faida yake iko wapi? Watu wakapiga meza mpaka mwalimu akanyanyua mkono. Kisha yule mvulana ambaye babake alikuwa mpishi hotelini akajibu kwa upole kwamba karo yake yeye hutoka katika hoteli hiyo hiyo. Ulinyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, nikaona unavyolifikiria lile jibu. Kwenye mjadala uliofuata ulikuja na maneno yenye nafasi ya mvuvi na ya mpishi pia. Miaka yote niliyofundisha sijaona tuisheni inayomfunza mtoto kitu hicho.

Bustani ya skuli siisemi, mbuzi waliimaliza. Lakini ile safari ya klabu ya wanyamapori, wallahi naiona mpaka leo. Hifadhi ya bahari ya Malindi, pamoja na ile ya Watamu, ilitengwa mwaka 1968, nasi tulizaliwa karibu nayo kabisa. Hata hivyo, sisi wasichana bahari tuliijua kwa juu tu: jioni ufuoni na mama zetu, buibui limekunjwa, miguu majini hadi kifundoni, basi. Siku ile tukapandishwa mashua yenye kioo chini, na chini ya kioo kukawa na mji mzima. Tuliona pono wakiguguna matumbawe, na mwalimu akatueleza kwamba ule mchanga mweupe wa Watamu, sehemu yake ni matumbawe yaliyopita katika meno na matumbo ya samaki hao. Akatueleza pia kwamba udongo mwekundu ambao Mto Sabaki huumwaga baharini wakati wa mvua huyafunika matumbawe na kuyaua, na kwamba udongo huo hutoka mashambani bara, mbali sana na sisi. Nilirudi nyumbani siwezi kula kwa mawazo. Bayolojia yangu yote ilianzia pale kwenye kile kioo.

Na Jumamosi ile ya Februari 1980, jua lilipopatwa! Klabu ya sayansi ilitukusanya uwanjani na makaratasi yaliyotobolewa tundu, ili sura ya jua ianguke juu ya karatasi ya pili. Mwanga unafifia, kuku wanatafuta pa kulala, na huku msikitini watu wamesimama katika swala ya kupatwa kwa jua. Mwalimu wa fizikia, mtu wa bara, alituambia tukimaliza kuchora tuende tukaswali. Nilimheshimu sana kwa neno hilo.

Kwaya nayo ilikuwa na kazi yake. Tulipochagua kucheza gonda kwenye tamasha la muziki, wenzetu wa kijiji cha Ganda ndio waliotufundisha kufunga hando, ile sketi ya marinda, na kupiga kayamba. Nyumbani kwetu, binti wa mtaa wa Shela kucheza ngoma ya Kigiriama mbele za watu halikuwa jambo dogo. Mama alikataa katakata. Basi mama wa mmoja wa wale wasichana akaja mwenyewe kutoka Ganda, na nazi zake kikapuni, akakaa na mama ukumbini kutwa. Walizungumza bei ya nazi, uzazi, wakwe, na hatimaye ngoma. Nilipoitwa, jambo lilikuwa limekwisha: nivae leso chini ya hando, na mama huyo awe nasi safarini. Urafiki wao ulidumu mpaka mauti. Hatukushinda huko Mombasa, lakini wakumbuka foleni ya feri ya Kilifi? Daraja lilikuwa bado, lilifunguliwa mwaka 1991. Tulikaa pale jua la utosi, tukala korosho na mihogo, tukaimba, na abiria wa mabasi mengine wakateremka kuja kutusikiliza.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kidato cha pili ilikuja posa yako. Mwanamume mwenyewe mtu wa heshima, ana duka, na bibi yako aliyekulea alikuwa ameshaanza kuhesabu siku. Hukuniambia kwa mdomo. Nilijua ulipoanza kuvaa sare kama mtu anayeiaga. Wakati huo tulikuwa tukitunga ule mchezo wetu wa mzee anayeuza shamba la minazi la ufuoni, kisha anatafuta mahali pa kuzikwa asipate. Tuliutunga wenyewe, mstari kwa mstari, madaftari magotini, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na jamaa aliyeuza hivyo. Mzee ulikuwa wewe, kwa kanzu ya kuazima na bakora.

Mwalimu wetu akafanya jambo moja la hekima. Hakwenda nyumbani kwenu kubishana. Alimpelekea bibi yako mwaliko kwa adabu zote, yeye na kina mama wa mtaa, akawatengea mabenchi upande wao. Nilikuwa nyuma ya pazia nikiwachungulia. Ulipotoka na ile bakora, ukakohoa, ukainama kujiuliza mnazi wa kwanza uliupanda mwaka gani, bibi yako alicheka. Kisha akaacha kucheka. Ulipofika pale mzee anapoomba hata pembe moja ya shamba lake mwenyewe, alijifunika uso kwa leso, na mwanamke aliyekaa naye akasema kwa sauti tuliyoisikia sote, "Huyu ni marehemu babu yake mtupu!"

Usiku ule hakusema kitu. Asubuhi akatuma ujumbe kwa wale watu: mtoto bado anasoma, wangoje au watafute kwingine. Walitafuta kwingine. Wewe mwenyewe uliniambia alivyokujibu ulipomuuliza sababu: kwamba hakuwa akijua skuli mnafanya nini kutwa nzima, na sasa ameona.

Shoga, ameona! Daftari zako za hesabu zingemwonyesha nini, naye hajui kusoma herufi za Kizungu? Siku ile alikuona wewe. Ukafanya mtihani mwaka 1982, ukaenda chuo cha uuguzi, na idadi ya watoto waliozaliwa mikononi mwako aijuaye ni Mungu.

Kwa haki niseme: si kila aliyekuwa kwenye klabu alifaulu. Wapo wavulana hodari wa mpira walioanguka vibaya, na wazazi wanaohofia hilo sio wajinga. Karo inauma, na mzazi anayelipa anataka kuona alama. Lakini kumnyima mtoto jioni zote kwa ajili hiyo sikubaliani nako, na nitalisema mbele yao. Mimi peke yangu watasema ni bibi anamtetea mjukuu wake. Wewe huna mtoto pale, huna unachodai. Uwasimulie hilo la bibi yako tu, kama lilivyokuwa, usiongeze wala usipunguze.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Njoo Ijumaa baada ya swala, ulale kwangu. Kitanda cha chini nimekitandika, hutapanda ngazi na goti hilo. Ile picha yetu ya maigizo, uliyovaa kanzu, naamini iko kwako. Itafute uje nayo, mjukuu wangu anataka kuona ulivyoishika bakora. Na ukipita Kilifi ninunulie korosho mbichi, za kukaanga nitazikaanga mwenyewe. Nijibu kwa simu ukishaisoma, nijue kama nimwambie mwalimu mkuu tuna mgeni.

Nisalimie wote, mkubwa kwa mdogo.

Wasalaam,
Ni mimi, shoga yako wa Shela