Krismasi Hii, Tumwombee Mtoto Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Heri ya Krismasi kwenu walezi, wapishi, walinzi na wanakamati wa makao ya watoto, na ninyi mnaotuma kidogo kidogo kwa simu bila kutaka majina yenu yasomwe kanisani.

Msimu huu njia ya kwenda kwenye vituo haioti nyasi. Kwaya zinakuja, vikundi vya akina mama vinakuja, wafanyakazi wa maofisini nao wamo na fulana zao za sare. Mchele unashushwa, mafuta, sabuni za miche, katoni za biskuti, picha zinapigwa. Sisemi kwa kejeli. Mchele huo unaliwa, na waliouleta Mungu awabariki. Ila kila Desemba humkumbuka George Müller.

Mjerumani huyu alikuwa mhubiri Bristol, Uingereza. Mwishoni mwa 1835, akichochewa na habari za August Hermann Francke aliyejenga makao ya yatima kule Halle, Ujerumani, zaidi ya miaka 100 kabla yake, alianza kumwomba Mungu nyumba, pauni 1,000 na watu wa kulea watoto. Binadamu hakumwomba hata senti. Vitu vikaja: fedha, samani, vyombo, walezi wa kujitolea. Februari 1836 akakaa siku iliyopangwa kuandikisha yatima, na hakutokea hata mmoja. Ndipo alipozinduka kwamba ameombea kila kitu, watoto hakuwaombea. Aliona hilo halihitaji maombi, kwani yatima walikuwa wengi mno mjini. Jioni ile akapiga magoti upya, na kesho yake ombi la kwanza likaletwa. Aprili wasichana wa kwanza wakaingia katika nyumba ya kupanga, Wilson Street.

Mengine mnayajua. Kufikia 1870 palikuwa na majumba matano makubwa pale Ashley Down, yenye nafasi za watoto zaidi ya 2,000, na alipofariki mwaka 1898 waliokwisha kulelewa walikuwa kama 10,000. Mimbarani hupendwa zaidi kisa cha kifungua kinywa: sahani tupu mezani, sala ya shukrani, mara mwoka mikate anabisha hodi. Mimi kinachonigusa ni daftari lake. Kila kilichotolewa kiliandikwa, deni halikukopwa, taarifa ya mapato na matumizi ilitolewa. Na mwishoni mwa 1841, hazina ilipokauka, aliiahirisha taarifa ile makusudi, isije ikaonekana ni namna ya kuomba msaada. Sisi tukiishiwa ndipo tunapokimbilia kutoa taarifa!

Lakini narudi kwa mtoto, maana hapo ndipo na sisi tunaposahau. Müller aliwapokea waliofiwa na wazazi wote wawili. Katika vituo vyetu wengi wana mama aliye hai, au bibi, au shangazi; kilichowaleta ni umaskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani ya mtoto asiyelelewa na wazazi wake, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Afisa ustawi wa jamii analijua hilo, ingawa nauli ya kumfikisha kijijini kuongea na ukoo mara nyingi hana.

Kwa hiyo maombi yetu yabadilike. Tumezoea kuomba bweni lijengwe. Tuombe pia bibi wa mtoto fulani apate paa lisilovuja na mtaji wa genge, mtoto arudi, kitanda kibaki kitupu. Najua ombi hilo ni gumu kwa kamati, maana watoto wakipungua wafadhili nao hupungua, na sijawahi kusikia harambee ya kupunguza watoto. Lakini Mtoto tunayemshangilia wiki hii hakulelewa katika kituo. Alilelewa nyumbani kwa fundi seremala, mtu asiyekuwa baba yake wa damu, aliyeamka usiku akambeba hadi Misri kuepa upanga wa Herode. Yusufu ndiye ninayemwombea kila mtoto: mjomba, baba mdogo, jirani mwenye moyo.

Mkija kutembelea, pigeni simu kwanza, mama mlezi awaeleze kinachopungua. Yaelekea si biskuti. Januari shule zikifunguliwa kutatakiwa sare, madaftari na viatu, na wakati huo wageni wenye fulana huwa wamekwisha kurudi ofisini. Nauli ya kumpeleka mtoto kusalimia ndugu zake nayo ni sadaka, hata kama haitokei vizuri kwenye picha.

Na ninyi mama walezi mtakaokuwa zamu usiku wa mkesha, wenzenu wakiwa wamekwenda vijijini: Mungu awatie nguvu, watoto wasiugue, na kamati ziwalipe posho zenu kabla ya mwaka kuisha.